Alama Nilizozifuta

4 Machi

Mvua imeanza. Nimehamisha meza ya kazi kutoka dirishani, maana mwaka jana matone yaliniharibia kibodi mbili. Wifi yangu amepiga simu mara tatu. Nimemwandika hivyo hivyo kwenye simu, "Wifi", na kila anapopiga hakosekani mteja wa kuuliza kama siku hizi mtandao nao unapiga simu. Analalamika kwamba kompyuta yake imekuwa nzito: anaiwasha, anakwenda kuchota maji, anarudi bado inafikiri. Anataka niiondolee Windows niiwekee Linux, mfumo mwepesi zaidi, kama nilivyomfanyia katibu wa shule yao. Nimemwambia ailete.

5 Machi

Aliyeileta ni mume wangu, kwa pikipiki, akitokea kwa dada yake. Amejaa matope hadi kiunoni. Ameteleza kwenye kona ya kiwanda cha matofali, yeye akaenda huku, begi likaenda kule. Nimeikagua kompyuta mbele yake. Haina ufa, inawaka, kila kitu kipo.

"Usimwambie dada," ameniambia. "Atanisema mwaka mzima."

Nimecheka. Nimempa taulo.

Wifi akapiga tena. Ndani ya kompyuta hiyo mna kazi yake ya miaka sita. Anafundisha watoto viziwi, na tangu aanze amekuwa akirekodi video za alama wanazotumia, moja baada ya nyingine, ili atoe kitabu ambacho wazazi watajifunzia kuongea na watoto wao. Zimefika mia nne sitini na tatu. Mia moja na arobaini kati yake alizipata kwa fundi viatu mmoja, kiziwi, aliyekuwa akikaa nje ya geti la shule na aliyezijua alama za zamani, za kabla ya shule hiyo kujengwa. Fundi huyo alifariki mwaka juzi.

"Una nakala mahali pengine?" nilimuuliza.

"Wifi, si ndiyo maana nakuletea wewe?"

6 Machi

Naandika kila kitu kama kilivyotokea, kwa sababu hakuna mtu mwingine nitakayemwambia.

Asubuhi nilichomeka diski yangu ya nje. Kwenye uso wa kompyuta palikuwa na folda imeandikwa ALAMA. Nikainakili. Ikamaliza kabla sijashusha kikombe cha chai. Nakumbuka nilifurahi kwamba diski yangu ni ya kasi.

Nikachomeka flashi yenye Linux. Kompyuta ikaikataa, ina ile kufuli inayozuia mifumo isiyoitambua. Nikaingia kwenye mipangilio ya ndani, nikafungua kufuli, na ili mambo yaende haraka nikaiwasha kwa mtindo wa zamani badala ya ule mpya. Programu ikaniuliza: niuweke mfumo huu kando ya ule uliopo, au nifute diski nzima? Nilikuwa na wateja watatu kwenye benchi. Nikachagua kufuta. Ikaniuliza tena kama nina uhakika. Nikabonyeza ndiyo huku nikimjibu mtu kuhusu wino wa printa.

Ilipomaliza nikaizima, nikaiwasha. Kioo cheusi, na maneno meupe: hakuna kifaa cha kuwashia.

Kosa hilo nalijua kama ninavyoijua njia ya nyumbani. Ukiuweka mfumo kwa mtindo wa zamani na kompyuta ikawa inatafuta kwa mtindo mpya, vinapishana. Mfumo upo, kompyuta haiuoni. Ningetulia dakika tano ningelijua. Sikutulia. Nikarudia tokea mwanzo, nikafuta tena diski nzima, na safari hii ikaishia kwenye GRUB, kile kipande kinachouamsha mfumo, kikilalamika kwamba hakioni pa kuanzia. Nikafuta mara ya tatu. Mara ya tatu nikaiwasha flashi kwa mtindo mpya, na Linux ikafunguka safi kabisa, nyepesi, ikiimba. Nikajipongeza kwa sauti. Mteja mmoja akanipigia makofi.

Ndipo nikachukua diski ya nje nirudishe mafaili.

Ile ALAMA haikuwa folda. Ilikuwa njia ya mkato, kapicha kadogo tu kanakoonyesha folda ilipo. Folda yenyewe ilikuwa sehemu nyingine ya diski, na sehemu hiyo nilikuwa nimeifuta mara tatu. Mimi ndiye ninayewafundisha watu kutazama ukubwa wa faili kabla ya kufunga kazi.

Nilifunga duka saa tisa mchana. Nikawaambia wateja kichwa kinaniuma, na kilikuwa kinauma kweli.

7 Machi

Wifi alikuja mwenyewe, na mwavuli, anatabasamu. Mume wangu alikuwepo, amepita kuchukua chaji yake. Usiku kucha nilikuwa nimeyapanga maneno ya kusema kweli, nayo nilikuwa nayo mdomoni. Nilipomwona anakaa, anakunjua sketi yake iliyolowa, anasema, "Haya, nionyeshe mtoto wangu," nikasikia mdomo wangu unasema:

"Wifi, diski imekufa."

"Imekufa vipi? Juzi nilikuwa naitumia."

"Huwa zinakufa tu."

Hapo ningekuwa nimesema uongo mmoja. Lakini mume wangu alisimama akasema, "Dada, ni mimi. Nilianguka nayo juzi, pale kwenye matofali. Begi lilipiga chini."

Wifi akamwangalia. Halafu akaniangalia mimi. Nilitakiwa kuongea sekunde ile. Nikatazama nyaya zilizokuwa mezani.

"Ukanyamaza?" akamuuliza mdogo wake. "Ukaniletea maneno ya salamu, la kuanguka ukanyamaza?"

Akaondoka bila mwavuli wake.

8 Machi

Nimeng'oa ile diski, nimeifunga kwa kitambaa, nimeiweka kwenye droo ya chini. Kwenye kompyuta nimeweka diski mpya na Linux mpya. Imewaka mara ya kwanza, bila kosa.

11 Machi

Mvua.

14 Machi

Mume wangu amekwenda kuomba radhi, amebeba ile kompyuta. Amerudi ametota. Alifunguliwa mlango, kompyuta ikapokelewa, mlango ukafungwa. "Hata 'Bonge' hakuniita," amesema. Bonge ni jina alilopewa na dada yake akiwa na miaka minne, na amelichukia maisha yake yote.

Nimemwambia atapoa tu. Nimemkanda mabega. Mikono yangu ilikuwa baridi, akasema ni mvua hii.

19 Machi

Sijaifungua droo. Kuna programu za kufukua mafaili yaliyofutwa, ninazo, nimewaokolea watu picha za harusi na ripoti za kazi. Lakini nikifukua nikapata kitu, nitamwambia nimekitoa wapi? Nilisema imekufa. Na nisipopata kitu, basi nitajua kwa hakika. Kwa hiyo diski imekaa pale, mita moja kutoka goti langu, na mimi natengeneza printa.

22 Machi

Leo nimemfokea mteja aliyeniuliza kama nakala zake ziko salama.

28 Machi

Wifi amenipigia simu, mimi, si mdogo wake. Sauti imekauka. Alitaka tu kujua jinsi ya kubadili ukubwa wa maandishi. Tulipomaliza hakukata.

"Yule mjukuu wa fundi viatu," akasema, "yule binti wa darasa la nne. Wazazi wake wanahama. Kazi ya baba yake imehamishwa."

"Lini?"

"Wiki ijayo. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wangu wa alama za babu yake. Kuna alama babu aliwahi kuzionyesha nisielewe hata moja, binti anacheka, ananieleza. Lakini sasa atanieleza nini? Hakuna video." Akavuta pumzi. "Mwambie Bonge... hapana, usimwambie kitu."

Nilikuwa nimekaa na mguu wangu umeigusa droo. Ningesema: wifi, mzuie huyo mtoto siku tatu, diski ninayo. Maneno kumi hivi. Nikasema, "Pole sana, wifi."

4 Aprili

Wamehama. Nimeambiwa na katibu wa shule alipokuja kununua karatasi. Walipakia vyombo kwenye mvua.

5 Aprili

Nimemwona mume wangu anaikagua pikipiki yake, breki, tairi, breki tena, kama anayetafuta ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mwanzoni nilimwonea huruma. Kisha, Mungu anisamehe, nikawa namkasirikia. Kwa nini akubali haraka hivyo? Kwa nini asiulize swali hata moja? Mtu mzima gani anajitwisha kosa bila kuliona? Nimeyaandika haya ili niyaone yalivyo mabaya.

Wifi nilimdhania mtu mgumu. Miaka tisa nimemwogopa: mkali, anasahihisha watu barua zao, anakurudishia sahani akikuta ina doa. Siku hizi nikimfikiria naona zile dakika alizokaa kwenye simu bila kukata. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwambia, akanichagua mimi.

16 Aprili

Jua leo, la kwanza baada ya siku sita.

Aliingia mama mmoja dukani na mtoto wa kiume mgongoni, miaka mitatu hivi. Nilifikiri anataka kupiga fotokopi. Akasimama pembeni mpaka wateja wakaisha.

"Wewe ndiye wifi yake mwalimu wa viziwi?"

"Ndiyo, karibu."

"Huyu wangu hasikii. Mwalimu alinifundisha alama saba, akasema nyingine zitakuwa kwenye kitabu. Sasa anasema kompyuta ilikufa. Nikasema nije kwako, labda fundi huwa anabaki na kitu."

Nikamuuliza anazijua alama zipi. Akanionyesha: maji, kula, njoo, lala, mama, moto, hapana. Mtoto alizifuata kwa macho juu ya bega lake.

"Wiki iliyopita alilia kutwa," akasema. "Nikawa namgusa, hapa? Hapa? Kumbe sikio limeoza kwa ndani. Nilikuwa nataka kumuuliza tu pale panapouma. Sijui hata kuuliza."

Nilimwambia arudi baada ya wiki mbili. Sijui kwa nini nilisema wiki mbili. Alinishukuru. Alinishukuru mimi, akashuka ngazi akimshika mtoto mguu asije akapigwa na nguzo.

Nikageuza kibao cha mlangoni, nikafungua droo.

17 Aprili

Programu ya kufukua imefanya kazi saa kumi na nne. Sikuandika chochote juu ya diski, nimeisoma tu. Mpaka jioni hii imetoa video mia mbili themanini na saba. Hazina majina. Wifi alikuwa ameandika kila faili maana ya alama yake, na majina yote yamepotea, zimebaki tarakimu. Ninachoona ni mikono. Mtoto anafungua kiganja, anakifunga. Mwingine anagusa paji la uso. Sijui wanasema nini.

Za fundi viatu nimehesabu thelathini na nane. Namtambua kwa aproni ya ngozi na dole gumba jeusi. Zilikuwa mia na arobaini.

Kama ningefuta mara moja tu, nikashtuka, nikaacha, zingepona nyingi zaidi. Najua hivyo kwa sababu ndiyo kazi yangu. Kila nilipoweka mfumo upya nilikuwa naandika juu ya video zake, namkanyaga.

18 Aprili

Nilimwambia mume wangu wakati wa chakula cha mchana. Nilimwambia aweke kijiko chini kwanza.

Hakupiga kelele. Aliuliza, "Kwa hiyo ilikuwa inawaka nilipoileta?"

"Ilikuwa inawaka. Niliikagua mbele yako."

"Uliikagua mbele yangu," akasema. "Ni kweli. Uliikagua." Akasogeza sahani pembeni. "Nikadhani labda imevunjika kwa ndani. Nikakuamini wewe kuliko macho yangu."

Nilianza kusema nilikuwa naogopa. Akaniinulia kidole.

"Wiki sita. Nimekwenda kwa dada mara nne, mara nne anafungua mlango nusu. Wewe unanikausha nguo. Unanikanda mabega." Akasimama. "Ulikuwa unanikanda huku unajua."

Akavaa viatu. Nikamuuliza kama anakwenda kumwambia.

"Mimi? Nimekubebea ya kutosha. Utakwenda mwenyewe."

19 Aprili

Nimekwenda. Nilimkuta darasani baada ya masomo, anasahihisha madaftari. Ukutani kuna vioo vidogo, watoto hujitazamia mikono. Niliweka diski mezani, nikamweleza yote nikiwa nimesimama: njia ya mkato, kufuta mara tatu, uongo, droo, video nilizofukua, na ile simu ya tarehe ishirini na nane. Hakunikatiza. Alimaliza daftari alilokuwa nalo, akaliweka vema, akafunga kalamu.

"Siku niliyokupigia kuhusu yule binti. Diski ilikuwa wapi?"

"Karibu na mguu wangu."

Akainuka, akafungua dirisha, mvua ikaingia ndani, akaliacha wazi.

"Mimi ningekusamehe kufuta," akasema akiangalia nje. "Nimefanya kazi na watoto miaka yote hii, najua mtu anavyoharibu kitu kwa mikono yake mwenyewe. Ningelia, ningekutukana, ningerudi kesho. Lakini umenikalisha na mdogo wangu wiki sita kama watu wasiojuana. Mama yetu alipokufa niliachiwa yeye. Ulikuwa unalijua hilo?"

"Ninalijua."

"Basi." Akachukua madaftari. "Lete hizo video Jumatatu. Na usiniite wifi sasa hivi."

Nilipotoka niliikuta pikipiki ya mume wangu getini. Alikuwa amekuja akasubiri nje, kwenye mvua, nimalize. Hakunisemesha, akapita kuingia. Nikasikia kutoka darasani, "Bonge!" na kisha kilio cha mtu mzima, sikujua ni cha nani kati yao.

Nilirudi nyumbani kwa miguu.

22 Aprili

Kwenye kompyuta ya shule, video mia mbili arobaini na tisa za watoto. Nawaonyesha moja moja, wanasukumana kujibu, mwalimu anatafsiri, mimi naandika jina la faili. Hatuongei neno nje ya kazi. Nimejifunza alama kumi na sita. Nilikosea moja, darasa zima likaanguka kwa kicheko, kumbe nimesema nina ndevu.

29 Aprili

Zote za watoto zimepata majina. Sabini na nne zilizopotea kabisa wamezirekodi upya ndani ya siku mbili, wakipigana kugombea zamu. Yule mama amerudi na mtoto wake, nikawapeleka shuleni. Mwalimu amemwonyesha "panauma wapi". Ameirudia mpaka akaipata, amemuuliza mwanawe, mtoto akaonyesha goti lake lenye kidonda kilichokwishapona, kwa fahari. Nilitoka nje kidogo.

4 Mei

Safari ya saa saba kwenye basi, mimi na yeye, kwenda walikohamia wazazi wa yule binti. Alikaa dirishani. Njiani alinipa nusu ya mkate wake bila kunitazama.

Binti amerefuka. Alipomwona mwalimu wake alikimbia, akasimama ghafla akaona haya, akakimbia tena. Tulikaa ukumbini kwao, maboksi mengine bado hayajafunguliwa. Nikamwekea video ya kwanza ya babu yake. Sikuwa nimefikiria kwamba tangu babu afe hakuwahi kumwona akitembeza mikono. Alikigusa kioo. Mama yake akageuka ukutani.

Kisha akaanza kazi, kwa heshima kama karani: gundi, sindano kubwa, soko lililoungua, mwaka wa njaa, mtu asiyelipa, mvua ya upande mmoja. Thelathini na saba amezitafsiri. Ya thelathini na nane alicheka hadi akajishika tumbo, na mwalimu naye akaanza kucheka kabla hata hajaelezwa, machozi yanamtoka.

"Anasema nini?" niliuliza.

"Anamwambia mjukuu wake kwamba huyu mwalimu ana mikono mizito kama ng'ombe, lakini amvumilie."

Tulimwomba binti atuonyeshe alama nyingine za babu anazozikumbuka yeye mwenyewe, nje ya zile za kwenye video. Alifumba macho. Alitoa kumi na moja. Tulisubiri. Akatikisa kichwa, akanitazama mimi kana kwamba yeye ndiye aliyekosa.

Tisini na moja hazitarudi. Nimezihesabu mara mbili njia nzima ya kurudi.

13 Mei

Mume wangu ametoka chumba cha wageni, alikokuwa akilala tangu nimwambie, amerudi kitandani. Amesema mgongo umemuuma kule. Sikuuliza zaidi.

20 Mei

Mvua inaishia. Kitabu kimepangwa, nilichobaki nacho ni kurasa za mwanzo kabla ya kwenda kwa mchapaji. Leo mwalimu aliniletea dibaji yake kwa mwandiko wa mkono, na mwavuli wake alikuja kuuchukua.

Nilichapa mpaka nikafika pale alipoandika: "Alama tisini na moja za marehemu fundi viatu zilipotea kutokana na hitilafu ya kompyuta."

"Hapa si kweli," nilimwambia.

"Najua."

"Kompyuta haikuwa na hitilafu."

"Najua, wifi. Lakini hiki kitabu kitakaa. Watoto wako watakisoma siku moja."

Ameniita wifi, na sikuweza hata kulifurahia. Nilifuta sentensi ile. Nikaandika: "Alama tisini na moja za marehemu fundi viatu zilifutwa na fundi wa kompyuta ambaye ni wifi yangu kwa kutokagua nakala, naye alilificha jambo hilo kwa wiki sita." Nikamgeuzia kioo.

Alisoma polepole, kama anavyosoma barua za watu. Nilitegemea ataniambia nipunguze. Alichukua kibodi, akaongeza mkato mmoja baada ya neno "kompyuta" na mwingine baada ya "yangu", akanirudishia.

"Sasa imekaa sawa," akasema. "Chapisha."